Chagueni Kipande Chenu cha Pwani

(Haya ndiyo maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya vijana wa klabu za mazingira, walimu wao na majirani zetu wa Sahare, Tanga. Mvua iliwazuia wengi, na tangu siku ile simu haijatulia. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Picha za ukutani nimeziacha. Vitu nilivyovishika mkononi nimevieleza.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, habari za asubuhi. Na nyinyi wanangu mliokuja mmelowa mpaka magotini, nawashukuru kuliko ninavyoweza kusema.

Kazi yangu mnaijua: mimi ni fundi cherehani. Baadhi ya sare mlizovaa leo nimezikata kwa mkono huu. Bahari sikuisomea. Sikuzaliwa hata karibu nayo. Nimezaliwa Lushoto, na maji makubwa niliyoyajua utotoni ni ya mto wakati wa masika. Nilishuka Tanga nikiwa na miaka 19 kujifunza kushona. Asubuhi ya kwanza nilipopelekwa kuiona bahari pale Raskazone ilikuwa imepwa, tope na mawe yako wazi, watu wanatembea mahali ambapo nilitarajia kuona maji. Jioni niliporudi, palepale walipotembea watu pamefunikwa, maji yanapiga mawe ya ukingoni. Nilisimama pale mpaka giza likaingia. Nilitaka kujua yalikuwa wapi mchana, na nani aliyeyaita.

Ni miaka 31 sasa, na bado naenda kusimama.

Nimekuja kuwaomba jambo moja. Jambo moja tu. Kila mmoja wenu achague kipande cha pwani, kidogo, kinachotembeleka kwa miguu, kisha akirudie. Akirudie wakati wa kaskazi, akirudie wakati wa kusi. Akirudie akiwa na furaha, akirudie akiwa na majonzi. Kipande changu kina hatua 1,200. Kinaanzia kwenye mvinje ulioinamia maji, kinaishia mikoko inapoanza. Sina mashua. Sijui hata kuogelea vizuri. Nina hizo hatua 1,200, daftari, darubini ya mtumba, na tepu yangu ya kushonea.

Mtaniuliza: kuna nini cha kutazama miaka yote hiyo kwenye kipande kifupi namna hiyo? Nitawajibu, na tuanze na maji yenyewe.

Nani hapa anajua leo ni mwezi ngapi? Siulizi mwezi wa kalenda ya ukutani. Nauliza mwezi wa kuandama. Naona mikono sita, na yote ni ya wazee. Wanangu, mwezi huo ndio saa ya bahari. Ukijua tarehe yake, unajua maji yako wapi hata ukiwa umelala ndani.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa mstari mmoja. Siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua. Maji yanajaa mno na kupwa mno, na tofauti hapa kwetu inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 8 na tarehe 22 hivi, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mwamba unabaki umefichwa. Halafu pwani yetu ina neema moja ambayo watu wengi wanaishi nayo bila kuijua. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hayapwi alfajiri gizani, wala saa sita jua likiwa kali. Yanapwa mtu ameshakunywa chai. Kila siku inayofuata saa hiyo inasogea mbele kama dakika 50, mpaka mzunguko unarudi tena.

Nimeyapanga maisha yangu juu ya hilo. Mlangoni kwangu pana kibao: SIKU ZA BAMVUA TUNAFUNGUA SAA SABA MCHANA. Wateja wamezoea. Bibi harusi akileta kitambaa, kwanza namwuliza siku ya harusi, halafu naangalia mwezi.

Lakini kabla ya kujua haya, nilikaribia kufa maji.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Tanga. Nilitoka na maji yakipwa, nikafika kwenye fungu la mchanga lililo mbele ya mikoko, nikakaa natazama viti vya pweza. Wale wekundu wenye vinundu, mmewaona? Nilikuwa nimeelekea baharini, kwa sababu nilidhani hatari itatoka huko, na nikiona maji yananisogelea nitaondoka. Nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ya mwanamke inaita kwa hasira. Nikageuka. Kati yangu na nchi kavu palikuwa na mto. Pale nilipopita kwa miguu mikavu sasa maji yanakimbia, na yanakimbia kuelekea nchi kavu.

Yule mwanamke alikuwa mchokoaji pweza, mtu mzima, kikapu mgongoni, kijiti chenye ncha ya chuma mkononi. Aliingia yale maji mpaka kifuani, akanirushia ncha ya kanga yake, akanivuta. Tulipofika ng'ambo hakunipa pole. Aliniambia, "Mwanangu, maji hayaji usoni. Yanakuja mgongoni."

Yanakuja mgongoni! Nawaomba mlirudie neno hilo mkifika nyumbani. Bahari inapojaa haiji kama ukuta kutoka mbele. Inaanza kuingia kwenye mikondo, kwenye mabonde ya mchanga, inazunguka fungu na kulifanya kisiwa wakati wewe bado unaona pakavu mbele yako. Na haiingii kwa mwendo mmoja. Kujaa huchukua kama saa sita. Saa ya kwanza maji yanapanda kidogo sana, yanakudanganya. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye nguvu: karibu nusu ya maji yote huingia ndani ya saa hizo mbili tu. Siku ya bamvua, hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Wewe, mwanangu uliyekaa hapo mbele, kimo chako ni kipi?

Bi mkubwa yule akawa mwalimu wangu kwa miaka mingi, mpaka alipofariki. Hakuwahi kushika kalamu, lakini alijua kila shimo la pweza kwenye mwamba ule kama mimi ninavyojua vifungo vya dukani kwangu. Alikuwa na sheria: shimo lenye jike lililolalia mayai haligusi. Pweza haishi sana, mwaka mmoja hivi, na jike hulalia mayai bila kula mpaka yanapoanguliwa, kisha hufa. "Huyu kesha kufa," alikuwa akisema, "wewe unataka kumwua mara ya pili pamoja na wanawe?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuchumaa. Watu wengi hutembea pwani wamesimama, macho mbali, wanatazama upeo. Uzuri wa upeo siupingi. Lakini chuchumaa! Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na mimi nimeyaona maneno hayo kwa macho yangu. Kuna kidimbwi kwenye mwamba wangu, ukubwa wake ni wa sinia la pilau, kina chake kiganja kimoja. Nimekaa kando ya sinia lile saa nzima bila kuchoka.

Niwaambie nilichokiona humo mwezi wa Novemba. Mnamjua kaa yule anayeishi ndani ya gamba la konokono? Mbele ana magando magumu, lakini kiuno na tumbo lake ni laini kabisa, kama kidole cha mtoto mchanga. Bila gamba hana maisha. Na anakua, gamba halikui. Basi siku ile mmoja alikuwa amebanwa, miguu imejaa mlangoni. Akakuta gamba tupu. Hakuliingia mbio. Alilizunguka kwanza. Akalipindua. Akaingiza gando ndani, akapima mlango, akapima upana, akatoa mchanga uliokuwemo. Wanangu, nilikuwa namtazama fundi mwenzangu! Hivyohivyo ndivyo ninavyompima mteja: bega, kifua, kiuno, halafu tena bega kuhakikisha. Kisha, kufumba na kufumbua, akachomoka kwenye nyumba ya zamani na kujitumbukiza kwenye mpya. Na hapo ndipo akatokea mwingine, mdogo zaidi, akaenda kwenye lile gamba lililoachwa, akaanza kupima.

Sasa nawauliza. Yale magamba mazuri mnayookota kuwauzia wageni, au kupanga dirishani, ni ya nani? Konokono kesha kufa, ni kweli. Lakini nyumba haijafa. Pale pwani kuna viumbe waliobanwa wanaotafuta nyumba, na sisi tunabeba nyumba kwa ndoo. Mimi mwenyewe nilikuwa na kabati limejaa. Baada ya siku ile niliyarudisha yote, yakanichukua safari nne.

Ukitaka kuokota kitu, okota komwe. (Hapa nilitoa mfuko nikawapitishia.) Pitisheni, msizimeze. Mbegu hizi za kijivu zinatoka kwenye mkomwe, ule mti wa miiba unaotambaa juu ya ufuo. Ganda lake ni gumu na linaelea, ndiyo maana maji huzibeba na kuziacha kwenye mstari wa takataka baada ya bamvua. Ndizo kete za bao, wazee wanajua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Zile mnazozishika ni 64 kamili, na zote nimeziokota ndani ya hatua zangu 1,200, moja leo, mbili wiki ijayo, misimu miwili ya kusi ikapita. Mume wangu alichonga ubao. Tunacheza Ijumaa usiku, na kila nikishika kete najua niliiokota wapi.

Sasa nije kwenye jambo la pili, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi ambao mmeshaanza kusema sayansi ni ya watu wengine.

Tarehe 22 Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, kulikuwa na mwanamke kijana anaitwa Marjorie Courtenay-Latimer. Alikuwa akitunza jumba dogo la makumbusho. Alikuwa na mazoea: meli ya uvuvi ikifika, nahodha akimpigia simu, anakwenda kutazama lundo la samaki kama kuna cha ajabu. Siku ile ilikuwa karibu na Krismasi, ana shughuli nyingi, angeweza kabisa kutokwenda. Akaenda, walau awatakie mabaharia sikukuu njema. Akalipekua lundo. Akaona pezi la buluu limechomoza chini ya papa. Akavuta akamtoa samaki mkubwa, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyokaa kama miguu. Dereva wa teksi alikataa kumbeba kwa harufu, wakabishana, mwisho akakubali. Mama yule akamchora samaki kwenye karatasi, akatuma mchoro kwa mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Yule mtaalamu alipoufungua mchoro alimtambua samaki ambaye dunia nzima ya wataalamu ilijua amekwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Huyo ndiye silikanti. Jina lake la kitaalamu, Latimeria, limetokana na yule mama.

Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Akasambaza matangazo na kuahidi zawadi ya pauni 100. Mwaka 1952 akapatikana Komoro. Na wavuvi wa Komoro wakashangaa: walikuwa wanamjua siku zote! Wanamwita gombessa. Tatizo halikuwa kwamba hajulikani. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyewauliza wanaomjua.

Na sisi? Mwaka 2003 akanaswa Tanzania, kule kusini, Kilwa. Baada ya hapo wakaanza kunaswa hapahapa Tanga, kwenye majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakapita 20. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ninyi mmezaliwa mlangoni kwake. Na mwaka 2021 watafiti walichapisha waliyoyasoma kwenye magamba ya samaki huyo: anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka 5. Miaka mitano, wanangu! Jike mmoja akinaswa usiku mmoja, bahari imepoteza kitu ambacho huenda kilianza kukua kabla bibi zenu hawajazaliwa.

Kwa nini nimewasimulia haya? Kwa sababu ya yale mazoea. Mama yule hakumvua samaki, alikwenda tu kutazama, kama alivyokwenda siku nyingine nyingi ambazo hakuona chochote. Mtu anayerudi mahali pamoja ndiye anayejua lipi ni geni. Mgeni anaona kila kitu ni kipya, kwa hiyo hakuna kinachomshtua.

Ndiyo maana nina daftari. Hili hapa ni la saba. Siandiki insha. Naandika tarehe, mwezi ngapi, upepo, maji, halafu nilichokiona. Niwasomee kidogo. "Mwezi 16. Kusi. Maji yamepwa. Kitwitwi 40, wote wa kijivu." Na hapa, mwaka huohuo, mwishoni mwa Machi: "Kitwitwi, vifua vimekuwa vyekundu."

Mstari huo wa pili niliuandika nikitetemeka. Kitwitwi mnawaona kila siku, vile vindege vinavyokimbia kwenye tope. Kuna jamii moja yao yenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Hushona tope, jina jingine sina: mdomo unazama, unatoka, unazama, unatoka, kwa kasi ya sindano ya cherehani. Anapofika kwetu Agosti au Septemba kifua ni cheupe na mgongo wa kijivu. Akikaribia kuondoka, kuanzia Machi, kifua kinabadilika unyoya mmoja mmoja, mpaka anakuwa mwekundu kama udongo wa Usambara. Mimi wa Lushoto niliona rangi ya nyumbani kwetu ufukweni! Nikaanza kuuliza anakwenda wapi. Anakwenda kaskazini mwa Siberia kutaga, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa, na uzito wake ni gramu 60 hivi. Mkishika ndimu moja kubwa mmeshika uzito wake. Anakula tope la Sahare ili afike Siberia. Na wale wachanga, wengi wao mwaka wa kwanza hawaondoki. Ndio wale 40 wa kijivu niliowaandika wakati wa kusi. Miaka kadhaa nilidhani ni wagonjwa walioachwa nyuma. Kumbe ni watoto, wanangoja mwaka wao.

Daftari hili lina safu nyingine ambayo sikupenda kuijaza. Nilikuwa naandika milio ya baruti. Wazee wanakumbuka. Kuna asubuhi ya mwaka 2015 niliandika milio sita kabla ya saa nne. Kila mlio ni matumbawe yaliyojengwa miongo mingi yanageuka kifusi, na kwa kila samaki anayeelea wengine wengi wanazama. Uvuvi huo sheria ilishaukataza tangu 1970, lakini hapa kwetu uliendelea. Kisha ukaja msako, na baada ya 2016 milio ikaanza kupungua kwenye safu yangu. Sasa nageuza kurasa na kurasa, safu iko tupu. Hakuna ukurasa ninaoupenda kama huo mtupu.

La tatu ni mikoko, na hili linaniuma.

Miaka kadhaa nyuma walikuja watu, sitawataja, wakatuletea fulana na mbegu za mkoko, maelfu. (Hapa niliinua mbegu moja.) Mnaiona? Ndefu kama rula, kijani, chini ina ncha. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama mhindi. Mbegu huota ingali mtini, mama anailea, na inapoanguka tayari ni mche. Basi tukaambiwa tupande pale mbele, kwenye tope tupu linaloelekea baharini, kwa sababu pana nafasi na picha zinatoka vizuri. Tulipanda asubuhi nzima, mistari imenyooka. Nilifurahi. Niliimba. Msimu wa kusi ukaingia, na ulipokwisha nilihesabu miche iliyobaki kwa vidole vya mkono mmoja.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja ambaye ujana wake wote alikata boriti kwenye mikoko. Nikamwamkia, nikamweleza. Alitikisa kichwa. "Mlimpeleka mkoko kwenye nafasi ya mlilana," akasema. "Mlilana ndio unaosimama mbele kupigwa na mawimbi. Mkoko unakaa nyuma yake. Nyuma ya mkoko ni muia na mkandaa. Mchu unapenda juu, kwenye chumvi kali." Kisha akanipeleka kwenye mchu, akachuma jani, akaniambia nirambe. Lilikuwa na chumvi, chembe zinaonekana kwa macho. Mchu huvuta maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani. Mkoko huizuia chumvi mizizini isiingie. Kila mti una ufundi wake, na kila mti una mahali pake, na sisi tulikuwa tumeshona koti bila kumpima mtu.

Tulichofanya baadaye kilikuwa kidogo na hakikupigwa picha. Kulikuwa na mfereji uliozibwa na kifusi, maji hayaingii vizuri nyuma ya mikoko. Tuliuzibua, watu tisa, majembe na ndoo, bamvua mbili. Hatukupanda chochote. Maji yakaleta mbegu yenyewe. Nimeipima miche ile kwa tepu yangu kila mwaka. Ule mrefu kuliko wote sasa umenipita kimo.

Na kwa nini nina haraka? Kwa sababu nimefika Maziwe.

Maziwe ni kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Nasema kisiwa kwa heshima. Kilikuwa na miti. Kasa wa kijani walikuja kutaga pale, na ng'amba, na wengine, wengi kuliko sehemu nyingine zilizojulikana nchini. Mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, mchanga umekosa wa kuushika, na kisiwa kikawa fungu linalozama maji yakijaa. Hifadhi kwenye karatasi ilikuwepo. Kisiwa ndicho kilichoondoka.

Nilisimama pale mchana mmoja wa maji kupwa. Mchanga mweupe unaumiza macho, membe wametua ncha moja, hakuna kivuli. Kwenye mchanga palikuwa na alama pana, kama gurudumu la trekta: kasa alipanda usiku. Mnaelewa? Anarudi. Hata kama maji yatayafunika mayai, anarudi kutaga. Wanakijiji wa Ushongo huyachukua mayai hayo kwa uangalifu mkubwa na kuyafukia upya ufukweni kwao, wanayalinda miezi miwili hivi, mpaka watoto watoke. Watu hao nawavulia kilemba.

Nilirudi Sahare nikalaza tepu yangu kutoka kwenye shina la mvinje mpaka alama ya juu ya bamvua. Nilipoanza kupima, niliilaza mara tisa. Siku hizi nailaza mara tano.

Basi nimeshawaambia nina nini katika hatua zangu 1,200. Sasa ninyi. Daftari la kurasa 96 linatosha. Penseli ni bora kuliko kalamu, wino huyeyuka. Jina usilolijua, usilibuni. Chora, kisha mwulize mchokoaji pweza, mwulize mvuvi, na umwamkie kwanza. Ukipindua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana chini yake ndiko walikojificha na jua. Na usiende peke yako mwaka wa kwanza.

Jumamosi ijayo itakuwa mwezi 16. Maji yatapwa kabisa saa nne na nusu hivi. Tukutane kwenye mvinje saa tatu kamili, tuyafuate yakitoka, na saa tano tuwe tumegeuka. Vaeni viatu vya kufunga, msije na kandambili. Aliye na mdogo wake amlete, nitamshika mkono mimi. Kile kidimbwi cha sinia nitawaonyesha, lakini tutakizunguka wanne wanne, tumechuchumaa.